Kijana wa PP1 (chekechea) hataki penseli, nimpe kazi gani za mikono likizo hii?

mama_cherehani (Kisumu)
Hamjambo wazazi wenzangu. Niko Nyalenda huku Kisumu, nashona nguo nyumbani, nyumba yenyewe ni rumu moja na pazia katikati, cherehani iko dirishani na watoto wanacheza hapo hapo miguuni. Kijana yangu mkubwa ana miaka minne ako PP1, mdogo ni msichana wa miaka miwili. Sasa tumefunga shule Agosti hii na tichaa ameniandikia kwa ripoti ati kijana hashiki penseli vizuri na hamalizi kazi ya kuandika, nimfanyishe mazoezi nyumbani. Basi nikanunua kile kitabu cha kufuatisha herufi kwa madoti, tukikaa nacho dakika mbili ameshateleza kwa kiti kama omena, mara anataka maji, mara choo, mara penseli imevunjika na mimi najua ameivunja makusudi. Ikifika jioni nampea tu simu aangalie katuni ndio nimalize nguo ya mtu.

Mnafanya nini na wenu? Vitu vya kuchezea vya supamaketi sitaweza bei yake, lakini vipande vya kitenge niko navyo magunia. Alafu huyu kijana anatumia mkono wa kushoto na dani yake (nyanya yake) akija anamhamishia kijiko, kalamu, kila kitu kwa mkono wa kulia. Hio nayo mnaonaje?

tichaa_wa_Lanet (Nakuru)
Mamaa, hicho kitabu cha madoti kiweke juu ya kabati kwanza. Mimi nafundisha PP2 na mtoto wa miaka minne akikataa penseli mara nyingi si ukaidi, ni vidole vinachoka mapema. Nguvu ya mkono inaanza juu inashuka, bega, kiwiko, kifundo, vidole ndio vinafika mwisho, na sisi watu wazima tunataka kuanzia huko mwisho. Ndio unaona mtoto ameshika penseli na ngumi anaandika na mwili mzima mpaka ulimi umetoka nje.

Kwa hio mpe vitu vya kufinya, kurarua na kuokota. Unga wa kuchezea unatengeneza mwenyewe: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, mafuta ya kupika kijiko, maji unaongeza kidogo kidogo mpaka ushikane, kikombe kimoja cha maji hata unaweza usikimalize. Mwache akande mwenyewe, hio kukanda ndio somo lenyewe. Ukitaka rangi chemsha bitiruti upate pinki, ama weka manjano ya kupikia. Huku kwetu ukileta pinki kila mtoto anataka kufinyanga flamingo na shingo zinaanguka zote lakini wanarudia tu. Ile chumvi nyingi ndio inafanya usiharibike haraka, na pia ndio sababu usiwaache waule. Zamani ungefunga kwa juala, sasa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 tumia mkebe wa Blue Band wenye kifuniko, unakaa wiki kadhaa.

Kitu kingine, bandika katoni nyuma ya mlango achore akiwa amesimama. Mkono ukiwa juu hivyo bega na kifundo vinafanya kazi bila yeye kujua. Na kreyoni zivunje ziwe vipande vifupi kabisa, kipande kidogo hakishikiki na ngumi, lazima atumie ncha za vidole. Wazazi wanapenda kununua zile nene ndefu wakidhani ndio za watoto, mimi darasani navunja.

Alafu hii ya bure kabisa: tafuta brashi kuukuu ya kupaka rangi nyumba, mkebe wa maji, mpeleke nje apake ukuta. Herufi, mistari, duara, chochote. Na hilo jua la Kisumu ukuta unakauka kabla hajamaliza jina lake, anaanza upya, na hakuna mtu wa kumwambia amekosea juu hata hakuna kitu kimebaki hapo.

omwami_wa_Bungoma
Tichaa heshima yako lakini vikombe viwili vya unga wa ngano vichezewe na hii bei? Hapana. Huku Bungoma tuko na mahindi yanavunwa saa hii, mpatie mahindi manne apukuchue na kidole gumba. Hio ni mazoezi na ni kazi ya nyumba pia. Wangu wa miaka mitano anapukuchua akishindana na binamu zake, wakimaliza tunapima kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, tuone nani amejaza, hapo umefundisha mizani na bado ugali utapikwa. Yale magunzi yaliyobaki nayo ni mdoli, unafunga kitambaa kiuno unachora macho na makaa. Wewe fundi wa nguo mdoli wako atavaa kuliko sisi wote.

Na unga wa kufinyanga ni wa nini kama kuna udongo? Tafuta udongo wa kichuguu, toa mawe, ongeza maji, atengeneze ng'ombe, sufuria, gari. Sisi tulikua hivyo na kuandika tunaandika.

mama_cherehani (Kisumu)
Omwami udongo kwa rumu moja yenye gauni la harusi la mtu limetundikwa 😂 hapana aki. Labda nje siku ya kufua. Mahindi nitatafuta soko la Kibuye Jumapili.

tichaa_wa_Lanet (Nakuru)
Omwami uko sawa kuhusu bei, ukiwa na udongo safi tumia udongo. Lakini wa kwenye ploti huku mjini sijui nani amemwaga nini hapo, heri unga kidogo, hata nusu ya hivyo vipimo inatosha mtoto mmoja.

shosho_wa_Njoro
Nimelea watoto wangu na sasa wajukuu, hakuna siku nilinunua kitu ya kufundisha mtoto. Mpatie kunde achambue. Majani huku, vijiti huku. Ile kushika jani na vidole viwili na kuvuta ndio hiyo hiyo penseli mnatafuta. Managu, mrenda, njugu za kubambua, zote. Akimaliza umwambie asante umenisaidia na uzipike kweli, mtoto anajua kazi ya uongo.

Na hesabu hivyo hivyo. Watoto wa siku hizi wanakuimbia moja mpaka hamsini, ukimwambia niletee vijiko vinne analeta vyote. Hio ni wimbo si hesabu. Mwambie tuko watu wanne, sahani ngapi? Apange moja moja, mama, baba, mimi, mtoto. Akileta tatu usimwambie amekosea, mtu mmoja akose sahani aone mwenyewe. Viatu vya mlangoni vyote vuruga, apange pea pea, vya mkubwa mpaka mdogo. Sufuria na vifuniko vyake, soksi, miiko ya sima. Jioni mkizima taa mtegee vitendawili, nyumba yangu haina mlango, atakuambia yai, kesho yake atakuja na chake hakina kichwa wala miguu na lazima ukubali umeshindwa umpe mji.

kushoto_daima (Kakamega)
Nimeingia juu ya hio ya mkono. Mimi ni wa kushoto, shule ya msingi nilichapwa vidole mpaka nikajifunza kuandika kulia na mwandiko wangu ni aibu mpaka leo, nikiwa peke yangu nachora na kushoto. Mwacheni kijana. Mkono gani una nguvu ni mambo ya ubongo, na kwa watoto wengi unajulikana wazi kati ya miaka minne na sita hivi, sasa ukimhamisha saa hii wakati ndio anatafuta mkono wake unamchanganya mara mbili, na labda hata hio penseli anaikataa juu ya hilo.

Dani usibishane naye mbele ya mtoto. Mwambie kusalimu na kula atafundishwa kulia, hio ni adabu na mzee ako na haki yake, lakini kalamu aachiwe. Wangu wawili tumefanya hivyo na nyanya yao alikubali, alinung'unika kidogo tu.

Vitu vidogo vya kumsaidia: karatasi iinamishe, upande wake wa juu uelekee kulia kidogo, kinyume na vile unaweka ya mtoto wa kulia. Ashike penseli juu kidogo ya ncha ndio aone anachoandika, la sivyo mkono unafunika na kupaka kila kitu. Kwa dawati akae upande wa kushoto mwisho wasigongane viwiko na jirani, umwambie tichaa wake hio. Na makasi, wewe ni fundi unajua, hayo yako yametengenezewa mkono wa kulia, akiyashika na kushoto makali yanaachana na kitambaa kinakunjika badala ya kukatika. Si kwamba hajui kukata.

mama_cherehani (Kisumu)
Weeh. Hio ya makasi sikuwa nimewaza kabisa na nashika makasi kila siku. Na ripoti imeandika pia hawezi kukata.

muuguzi_mama (Kisumu)
Niongeze ya usalama kwa sababu kuna mdogo wa miaka miwili hapo. Maharagwe, njugu, punje za mahindi, vifungo, yote hayo kwa mtoto wa miaka miwili yanaenda puani, masikioni ama kooni. Kipimo rahisi, chukua ile roli ya karatasi ya tishu ikiisha, kitu kikipita ndani ya hilo tundu usimwachie wa chini ya miaka mitatu. Mkubwa apukuchue mahindi mdogo akilala ama akiwa mgongoni. Ikitokea kitu kimeingia puani usichokoe na pini wala kidole, unakisukuma ndani zaidi, nenda hospitali. Maharagwe mabichi pia asitafune, yale mekundu yasipoiva vizuri yanaumiza tumbo vibaya. Na pini zako za kushonea ziwe kwa mkebe wenye kifuniko kinachobana, nafikiri hio unajua.

Simu usijilaumu sana, kila mtu anapika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto wa miaka miwili hadi minne wasipite saa moja kwa siku kwa skrini, na ikipungua ni afadhali zaidi. Kwa hio hio saa moja ipange, ipate ule wakati unashona kitu kigumu, si kila akilia. Kuna upande mwingine watu hawasomi, walisema pia wa miaka mitatu na minne wapate angalau dakika 180 za kusonga mwili kwa siku, kukimbia, kuruka kamba, brikicho, kubeba maji kwa kajagi kadogo. Kijana aliyekaa ndani siku nzima hawezi kutulia na penseli jioni hata ungemlipa.

baba_mapacha (Nakuru)
Mimi naona mnasumbua hawa watoto tu. Miaka minne aandike ya nini? Wacheze, shule itafundisha.

tichaa_wa_Lanet (Nakuru)
Baba mapacha ukisoma hapo juu hakuna mtu amesema aandike. Hata mtaala wenyewe wa PP1 haujaita masomo, umeita shughuli, za lugha, za hisabati, za mazingira. Shida ni shule zingine zinataka kuonyesha mzazi daftari limejaa ndio aone karo yake imefanya kazi, na mzazi naye ndio huyo anauliza mbona daftari ni tupu. Tunasukumana hivyo na mtoto ako katikati.

Mama cherehani kwa vile vitenge vyako: chukua kadibodi ya katoni, mchoree umbo kubwa, samaki, nyumba, matatu, yeye akate ama ararue vipande abandike ndani. Gundi pika, unga kijiko kimoja na maji nusu kikombe kwa moto mdogo ukikoroga mpaka iwe nzito, iache ipoe. Mwambie achague nyekundu zote kwanza, alafu zenye maua, alafu ndogo ndogo, hapo anapanga na kutofautisha. Siku nyingine toboa kadibodi na msumari pembeni pembeni, umpe kamba ya kiatu apitishe juu chini juu chini. Si anakuona ukishona? Ataona amekuwa fundi, na hapo utamtoa kwa kiti kwa nguvu. Mdogo mpe tu vitambaa vikubwa avivute kutoka kwa tundu la katoni, ataridhika.

omwami_wa_Bungoma
Na bamia! Kata bamia katikati kwa upana, chovya kwa rangi, gonga kwa karatasi, inatoka ua. Kiazi pia unachonga umbo. Hapo sisemi ni kuharibu chakula juu ni kipande kimoja tu 😄

mama_cherehani (Kisumu)
Asanteni jameni. Nimejaribu kwanza ile ya brashi na maji, amepaka ukuta wa choo cha ploti wote na wa jirani, sasa watoto wa ploti wako kwa laini na mikebe na nimemaliza blauzi mbili bila kuitwa. Ameandika kitu anasema ni jina lake. Karatasi nimeinamisha vile mmesema.

Swali moja, huo unga wa kuchezea naweza kutumia unga wa sima? Wa ngano umeisha.

shosho_wa_Njoro
Wa sima haushikani, utamwagika kila mahali. Ngojea ngano.

tichaa_wa_Lanet (Nakuru)
Ukweli, wa mahindi hauvutiki. Ama changanya nusu kwa nusu, utashikana ingawa unapasuka ukikauka. Na kama utaweka bitiruti usimvalishe nguo ya kanisa.