Viti visivyokaliwa: mnawazuiaje wageni wasivikalie?

Mpangaji_Pwani
Wakuu, tuna maonyesho ya sanaa ya wiki 3 kwenye ukumbi ulio karibu na bahari: viti 7 vya nondo na minyororo ya baiskeli, mabuli 3 ya udongo yaliyozibwa mdomo, na miwani 4 ya nyaya. Hakuna kinachotumika, na ndiyo nia yenyewe. Viti vikiwa sakafuni, watu wanavikalia. Kimoja kimeshaachia pale kilipochomelewa. Tuzungushe kamba?

FundiMajukwaa
Kamba achana nayo. Inakata umbo la kiti na watoto wanapita chini yake. Shida ni kimo. Kiti kikiwa sakafuni, pa kukalia pako sentimita 45. Mwili unapajua hapo kabla mtu hajasoma kibao. Kiinue kwa jukwaa la 40, pa kukalia panafika 85, na hakuna anayejaribu. Usishuke hadi 15: hicho ni kidato, watapanda au watajikwaa.

Jukwaa liwe 110 kwa 110, lizidi kiti kwa 30 kila upande. Shiti moja la plaiwudi ya mm 18 (122 kwa 244) linatoa vifuniko 2, au mbavu (kuta za pembeni) 6 za kimo cha 40. Kwa majukwaa 7 nunua shiti 9. Ndani weka msalaba wa mbao 2x2, la sivyo kifuniko kitabonyea. Chini ya kila mguu weka kipande cha plastiki. Kutu ikishaacha duara la kahawia kwenye rangi nyeupe, ni kupaka upya.

Vinara vya mabuli (nguzo za kuyawekea), 35 kwa 35 na kimo cha 100, vitie mfuko wa mchanga wa kilo 20 chini kabisa. Bila hivyo, bega moja la mgeni linatosha kuviangusha.

NondoNaNta
Naongezea la kutu. Hewa ya chumvi haikupi wiki 3. Sugua kwa brashi ya waya, futa kwa thina, kausha, kisha nta nyembamba mara mbili na kitambaa kikavu. Vanishi hapana: inang'aa kama kitanda kipya na kwenye minyororo inabanduka. Beba kwa glavu, jasho la vidole huchora alama za kutu.

Mpangaji_Pwani
Shukrani. Mabuli tumeyaweka pamoja kwenye sinia, miwani kwa mstari ukutani. Sawa?

FundiMajukwaa
Sinia toa leo hii, umeshaandaa chai! Kila buli na kinara chake. Miwani kwa mstari ni duka la miwani. Tenganisha, kila moja kwenye fimbo yake, kimo cha 145. C-Stunners, miwani ya sanaa ya Cyrus Kabiru wa Nairobi, huonyeshwa pia kwa picha zake akiwa amezivaa, na hapo unaona zimegeuka sura nzima ya mtu.

Vibao vianze na mali ghafi, si "usikalie". Kile kiti cha enzi cha msanii Kester wa Msumbiji, cha 2001, kilichoko British Museum, kimeundwa kwa silaha zilizokusanywa baada ya vita vilivyokwisha 1992. Ukishajua hilo, hamu ya kukaa inakwisha yenyewe.

NondoNaNta
Na taa moja kwa kila kiti, kutoka upande. Mbili zinatoa vivuli viwili, minyororo inasomeka kama chandarua.