"WEWE FUGA, HESABU TUACHIE WENYEWE" – 95% ya nini, we kijana?!

Mitetea Tu (mleta uzi):

Wakuu, sijavua hata viatu. Boksi la vifaranga liko hapa miguuni linapiga kelele na mimi napiga kelele kulizidi.

Jina simtaji, nyote mnamjua. Yule mwenye mashine za kutotolesha, anayevaa koti jeupe kama daktari wa upasuaji, kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika ukweli. Huyo huyo.

Nimempelekea mayai 300. Nimeyachagua kwa mkono wangu: machafu nje, yenye nyufa nje, yenye umbo la ajabu nje, lililokaa zaidi ya wiki nje. Leo ndiyo siku ya 21, nimekwenda kuchukua watoto wangu. Napewa vifaranga 114. Mia moja na kumi na nne, wakuu! Na karatasi juu yake, mwandiko mzuri utadhani kadi ya harusi: KUTOTOLEWA 95%.

Nikafuta miwani. Nikasoma tena. 95% ya mayai 300 ni vifaranga 285, hata mwanangu wa darasa la nne anajua. Nikamuuliza kwa adabu zote, "Mwanangu, hii 95 imetoka wapi?" Akanijibu macho yakiwa kwenye simu:

"Mama, wewe fuga, hesabu tuachie wenyewe."

Mbele ya wateja! Kuna kijana pale kazi yake kubeba trei, akacheka mpaka trei ikayumba.

Eti mayai 180 hayakuwa na mbegu ya jogoo. Kwa hiyo kayafuta hesabuni, yakabaki 120, akagawa 114 kwa 120, hiyo ndiyo 95 yake. Nikamwambia nionyeshe hayo 180. Yametupwa. Mlivunja hata moja mkaangalia? Hapana, "tulimulika". Sasa yai lisilo na mbegu na yai ambalo kiinitete kilikufa siku ya 2 au ya 3, kwenye taa yote meupe tu. Usipolivunja utajuaje kama jogoo wangu ndiye mvivu au mashine yako ndiyo iliyomuua mtoto? Nikamuuliza hilo. Mnajua alichonijibu?

"Mama, wewe fuga, hesabu tuachie wenyewe." Mara ya pili! Na safari hii alitabasamu.

Basi nikageuza macho ukutani, nikaona daftari la joto limening'inizwa kwenye msumari. 37.5, 37.5, 37.5, asubuhi, mchana, usiku. Wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna hata siku moja iliyopanda kidogo au kushuka kidogo. Nikafuata mistari kwa kidole hadi chini. Limejazwa mpaka Jumapili.

Wakuu, LEO NI ALHAMISI.

Halafu huyo ndiye wa kuniambia mimi nimwachie hesabu. Sitaki ushauri hapa, nataka watu wa kukasirika nao.

Boma la Juu:

Nimecheka hadi jirani kaja kuuliza. Mashine inajua joto la Jumapili! Muulizie na matokeo ya mechi.

Ganda Nene:

Povu lote hili hujasema una majogoo wangapi. Jogoo 1 kwa mitetea 10, hiyo ndiyo kanuni. Watu mna jogoo mmoja mzee anachechemea, mitetea 40, halafu mchawi awe mashine.

Mitetea Tu:

Majogoo wangu wanatosha na wana adabu kukuzidi. Soma uzi! KARATASI IMEANDIKWA 95%. "Wewe fuga." Mimi! Ananiambia mimi nifuge, kwani pale nilikwenda kucheza ngoma?

Trei ya Tatu:

Mleta uzi punguza jazba. Hesabu zote mbili zipo duniani. Ukigawa vifaranga kwa mayai yote yaliyoingia mashineni, unapata picha ya kazi nzima: jogoo, uhifadhi, usafiri na mashine. Ukigawa kwa mayai yenye mbegu peke yake, unaipima mashine. Kwako ya kwanza ni 38%, ya pili 95%. Ujanja ni kukupa moja na kuikalia nyingine. Na hiyo ya pili bila kuvunja mayai yaliyobaki ni ya kubuni tu, maana kila kilichofia ndani mapema anaweza kukiita "hakina mbegu" na asilimia yake ikapanda. Yaani mashine ikiua mapema, karatasi inapendeza zaidi.

Marekani idara yao ya kilimo inatoa kila wiki idadi ya mayai ya kuku wa nyama yaliyoingizwa mashineni na vifaranga waliopelekwa mabandani. Wale wenye mitambo ya mamilioni ya mayai wanazungukia 80% ya mayai yote yaliyoingia. Kwa hiyo ukiandikiwa 95, uliza 95 ya kitu gani.

Boma la Juu:

Asante profesa. Mtihani lini?

Mitetea Tu:

38!!! Asante Trei ya Tatu, mimi hata sikuwa nimefika huko kwa hasira. 38 wakuu. Na yule kijana wa trei bado namsikia akicheka.

Mlinda Joto:

Nafanya kazi ya kutotolesha (si hapo kwake, msianze). Ngoja na sisi tuseme. Mnatuletea mayai yamelala juu ya kabati wiki tatu, wakati yakipita siku 7 uwezo wa kutotoa unashuka kila siku. Mengine mmeyaosha kwa sabuni. Mengine mmeyapanga ncha iliyochongoka juu, wakati chumba cha hewa kiko upande mnene. Siku ya 18 tukiyahamisha kwenye trei za kutotolea, simu zinaanza: "Fungua kidogo nione." Ukifungua, unyevu unatoka, utando unamkaukia kifaranga akiwa ameshadonoa ganda, anafia mlangoni. Halafu sisi ndio wezi.

Mitetea Tu:

Sawa kaka. Sasa joto la Jumapili mnalipataje siku ya Alhamisi?

Boma la Juu:

Mlinda Joto naona uko hewani lakini kimya.

Boma la Juu:

Bado kimya.

Alfajiri Njema:

Dada wewe shukuru. Umepewa wachache lakini ni vifaranga wako. Mimi niliuziwa mitetea ya mayai, "imechaguliwa na mtaalamu", nikailea, nikachanja, nikalisha. Mwezi wa nne nusu yao wakaanza kuwika. Hakuna anayelala kwangu tena, na yai sijaliona.

Ganda Nene:

Walichagua kwa kutazama manyoya ya mabawa?

Alfajiri Njema:

Ndiyo, alimkunjua bawa mmoja mmoja mbele yangu, anatikisa kichwa kitaalamu kabisa.

Trei ya Tatu:

Bawa linasema ukweli kwa kuku waliozalishwa kwa mpango huo tu, ambao jike anawahi kuota manyoya kuliko dume, na ni siku moja au mbili za mwanzo. Kuku wengine wote bawa halikuambii kitu, inabidi kuangalia tundu la haja, na hiyo ni kazi ya aliyesomea. Wajapani ndio walioifanya kuwa fani.

Boma la Juu:

Profesa karudi.

Kiota Kikavu:

Na chanjo ya mareksi, ule ugonjwa wa kuku kupooza, je? Wanakuambia wamechanja siku ya kwanza, ukiuliza chupa ilikuwa ya dozi ngapi wanaanza kukuita mkorofi. Mimi wangu walianza kupooza miguu, mmoja mbele mmoja nyuma. Huyo mtu sitamsamehe.

Mitetea Tu:

Jamani, tulikuwa kwenye 95%.

Ganda Nene:

Bibi yangu hakuhitaji bawa wala Mjapani. Unamshika kifaranga nyuma ya shingo, unamninginiza. Akikunja miguu ni jike, akiinyoosha ni dume.

Trei ya Tatu:

Uongo mtupu huo.

Ganda Nene:

Bibi yangu muongo?

Mitetea Tu:

Wakuu, daftari la joto… Jumapili…

Kiota Kikavu:

Hebu subiri, Ganda Nene. Wa kwangu hapa kakunja mmoja, kanyoosha mmoja.

Alfajiri Njema:

Huyo mwache tu. Mwezi wa nne atakutangazia mwenyewe, saa kumi usiku.