Mrejesho: Kuunganisha kanuni za mantiki na hatua za hesabu katika programu ya zabibu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba msaada kuhusu programu ninayoiandaa kwa ajili ya wakulima wa zabibu wa Hombolo, hapa Dodoma, ambayo ilikuwa ikizunguka bila kikomo kila nilipochanganya kanuni za mantiki na hatua za hesabu. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilifuata kwanza ushauri wa kuziacha kanuni katika Prolog (lugha ya programu inayofanya kazi kwa kanuni za mantiki) na kupeleka hesabu katika Python (lugha ya programu inayofuata hatua moja baada ya nyingine), ili hesabu iitwe pale tu ambapo thamani zote zinazohitajika zimekwisha kujulikana, nao ulifanya kazi siku ile ile. Kanuni ya kuenea kwa ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mizabibu) kutoka shamba hadi shamba, ambayo ilikuwa ikianza kwa kujiita yenyewe na hivyo kuzunguka bila kikomo, ilitulia baada ya kutumia majedwali ya kuhifadhi majibu yaliyokwisha kupatikana. Hata hivyo, kwa sababu ya majedwali hayo, idadi ya siku tangu salfa, dawa ya ugonjwa huo, ipulizwe ilibaki ile ya jana, hivyo sasa nayafuta kila asubuhi.

Lililobaki ni zito zaidi. Prolog huchukulia kwamba kisichothibitika si kweli. Mkulima mmoja ambaye hakuandika tarehe aliyopuliza aliambiwa apulize tena, ilhali majani ya mizabibu yake yalikuwa bado na vumbi la njano la salfa. Nimeongeza jibu la tatu, "haijulikani", ili programu imuulize mkulima kabla ya kuhitimisha, lakini kanuni mbili zinazotegemea ukanushaji huo, yaani kuhesabu kisichothibitika kuwa si kweli, bado sijazirekebisha.