Paipu ya presha ya pampu ya stelingi inavujia kwenye pampu: nisugue uso au nibadili pampu?

Wakuu, naomba ushauri, hasa mafundi wa haidroli. Gari ni Hilux ya dizeli. Oili inavujia pale paipu ya presha inapofungwa kwenye pampu ya stelingi: bolti yenye tundu katikati na washa mbili za shaba, moja kila upande wa jicho la paipu. Nimesafisha, nikapaka poda, mtu akazungusha usukani injini ikiwaka. Unyevu ukatokea kwenye washa ya upande wa pampu. Paipu yenyewe ni kavu hadi kwenye mkunjo wa chuma.

Washa mpya zimewekwa, bado inatoka. Kukaza zaidi sitaki, bolti ya aina hii ni tupu ndani, hukatika shingoni. Utepe wa Teflon nao hapana: kinachoziba hapa ni washa, si nyuzi za bolti, na vipande vya utepe vikiingia kwenye vali ni kesi nyingine. Klempu msinitajie kabisa, hiyo ni ya paipu ya kurudisha oili.

Nikiangalia kwa tochi, uso wa pampu una mkwaruzo unaotoka kwenye tundu hadi ukingoni. Nikiusugua kwa msasa namba 600 uliobandikwa kwenye bati bapa, tundu likiwa limejazwa grisi ili unga usiingie, utakaa sawa? Au washa za chuma zenye mpira ndani zitaziba bila kusugua? Mpira wake unavumilia joto la ATF (hii oili ya stelingi), au ni aina fulani tu?