Chopa ya wagonjwa au ndege ya kawaida: kwa sisi wa Mwanza ipi ina maisha?

Ngosha_Kirumba: Wakuu habari za jioni. Nina miaka 23, mjomba amekubali kuuza ng'ombe nikasomee urubani. Moyo wangu uko kwenye chopa, hasa ile ya kubeba wagonjwa, ila kila ninayemuuliza ananiambia soma ndege ya kawaida ndo ina ajira. Sasa nikiangalia visiwa vyote hivi najiuliza, Ukara utatua wapi na Caravan, yaani ile Cessna ya abiria wachache yenye panga moja mbele? Wenye uzoefu karibuni, matusi pelekeni jukwaa la siasa. Nawasilisha.

Mzee_wa_Caravan: Dogo, viwango vya ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya biashara ya chopa ni masaa 150 na ndege ya kawaida 200, ukisikia hivyo unaona chopa rahisi, kumbe saa moja ya chopa inakula hela ya masaa kadhaa ya Cessna ndogo. Halafu ukishaipata hakuna atakayekukabidhi mgonjwa. Marekani kampuni nyingi za ambulansi za anga zinataka rubani mwenye masaa kama 2,000, wewe hapa utayatoa wapi? Mwenzako wa Caravan anakusanya yake kila siku Bukoba, Serengeti, anarudi.

DagaaMkavu: Atayatoa kwenye kampeni, kila miaka mitano chopa zinajaa 😂

Nesi_Visiwani: Nyie mnaongelea masaa tu. Mimi nimemsindikiza mama anavuja damu saa nane usiku, tumemlaza kwenye mtumbwi wa injini, mwenye mtumbwi anakomba maji kwa kopo na mimi nimeinua dripu mpaka mkono umekufa ganzi, hapo ni kufika Nansio pale Ukerewe tu, Mwanza bado. Alipona, ila chopa ingetua uwanja wa shule na nusu saa tupo hospitali ya Bugando. Ngosha soma chopa mdogo wangu.

Mzee_wa_Caravan: Pole sana dada, ila saa nane usiku hiyo chopa isingekuja. Kuna siku nilikuwa narudi Mwanza giza limeshaingia, mwezi hakuna, wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao ziwani na juu nyota zimejaa, aisee kwa sekunde kadhaa sikujua ziwa ni lipi na mbingu ni ipi. Mwili unakwambia umelala upande wakati vipimo vya mbele yako vinasema upo sawa. Na mimi nilikuwa juu sana, wa chopa anapita chini karibu na maji, hana nafasi ya kukosea. Ongeza na radi za ziwa letu zinazopenda usiku mpaka alfajiri. Ndo maana wenzetu sehemu nyingi rubani haambiwi kama mgonjwa ni mtoto au mzee, anaulizwa tu hali ya hewa inaruhusu au hairuhusu, huruma isije ikaamua.

Nesi_Visiwani: Kwa hiyo nikishika redio nisiseme ni mtoto? Haya. Hilo gumu kweli.

Fundi_Hanga: Niongezee kidogo. Chopa kama H125 ina injini moja, ikizima unashusha haraka kolektivu, ule mkono wa kupandisha na kushusha chopa, ili upepo unaotoka chini uzungushe mapanga, unapata nafasi moja tu ya kutua, na chini ni maji, kwa hiyo lazima iwe na maboya ya dharura. H135 ina injini mbili ila bei yake usiulize. Na hiyo ya viwanja vya shule isikieni tu, vumbi linapanda huoni chini, mabati yaliyolegea yanaruka, watoto wanakimbilia mkiani na pale ndo kuna panga dogo ambalo likizunguka halionekani kabisa. Bila mtu wa kuzuia watu chini, hutui.

Mzee_wa_Caravan: Ngosha, ushauri wangu, anza na ndege ya kawaida, ukishapata kazi na hela yako ndo uongeze chopa. Na kabla ya shilingi yoyote ya ada kapime afya ya marubani, ile ya daraja la kwanza. Macho, moyo, masikio. Nawajua watu walioshalipa chuo ndo wakaambiwa rangi hawazitofautishi vizuri.

Fundi_Hanga: Hapo kwenye kuanza na Caravan sikubaliani, anayetaka chopa akianza kwingine harudi. Ila kupima kwanza, naunga mkono.

Ngosha_Kirumba: Asanteni wakuu. Nimempigia mjomba nikamwambia ng'ombe wakae kwanza mpaka nipime. Amefurahi utadhani nimeshahitimu.