Mrejesho: alama za vitendo vya Kemia, Kidato cha Tatu

Wakuu, salaam. Mwezi wa tano nilileta hapa tatizo letu: ripoti moja ya vitendo, walimu watatu. Mimi nikatoa 14 kati ya 20, mwenzangu 9, wa tatu 17. Mliojibu, asanteni sana.

Tulifuata ushauri wa kuacha karatasi na kumtazama mtoto akiwa na bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini, wa kudondoshea asidi) mkononi. Tukakubaliana vitu vinne tu: amesuuza bureti kwa asidi yenyewe? Jicho liko usawa wa kimiminika? Anasoma hadi desimali mbili? Anapunguza koki tone kwa tone njano ya methyl orange (kiashiria kinachobadilika rangi) inapoanza kuwa chungwa? Ripoti kumi za kwanza tulisahihisha pamoja, na tulibishana kweli kweli (chai ilipoa). Sasa tunapishana alama mbili, mara chache tatu.

Kumbe kuna binti ambaye ripoti zake zilikuwa safi siku zote, ila hajawahi kugusa koki! Mwenzake wa kundi ndiye alikuwa akifanya, yeye anaandika.

Kilichogoma: wanafunzi 62, bureti sita, dakika 80. Tuliwaona 18 tu, kengele ikalia. Sasa tunatazama kundi moja kila wiki. Ule ushauri wa wanafunzi kupimana wenyewe tuliujaribu pia; marafiki wakapeana alama zote, tukauacha.

Fizikia wameomba orodha yetu, wanataka kuanza na pendulamu.