PUNDA KALIPWA, MIE NAAMBIWA NI MANDHARI! Halafu mtu anataka kodi yetu

Wadau, salaam aleikum. Nimetoka forodhani kwenye kupigwa filamu sasa hivi, jasho halijakauka. Nikingoja nitulie nitapasuka.

Yule bwana wa filamu, wa kofia kubwa, nyote mwamjua, sina haja ya kumtaja. Ndiye aliyekuja barazani kutueleza ati serikali ikiwapa watu wa filamu nafuu ya kodi, vijana wa Amu, Lamu yetu hii, watashiba mpaka watapike. Haya, leo wamekodi punda. Kamba nimeishika mie mchana kutwa, Mkunguni mpaka Langoni, nenda, rudi, nenda tena, kwa sababu mwenye kamera hapendi kivuli. Jua limenichoma hata mamangu hanijui. Jioni tumepanga foleni ya pesa, Bwana Kofia asoma orodha. Punda yumo! Kwato nne, masikio mawili, kawekewa ujira wake. Nikauliza, na mshika kamba je? Akanitazama juu chini: "Wewe ni mandhari."

MANDHARI, jamani!

Punda yumo kwenye orodha. Mie simo.

Na huyu ndiye anayetaka nafuu hiyo, yaani serikali imrudishie asilimia 30 ya pesa anazotumia kupiga filamu, ati Moroko wanarudisha hivyo tangu 2022. Arudishiwe nini, karoti za punda? Pesa hizo zatoka kwenye kodi ninayokatwa mie kila nikinunua mafuta ya mashua. Nimlipe mtu aliyeniambia mbele ya watu, mbele ya punda, kwamba mie ni mandhari? Nafuu hiyo haina maana mpaka kila shilingi inayodaiwa iambatane na jina la mtu wa hapa aliyelipwa, na saini yake. Saini, si kwato!

Pweza_Mkavu: Punda ana mwenyewe wa kumdai. Wewe una nani? Hahahaha

MwanaShela: Pole kaka. Lakini tuseme kweli, punda ana sura ya sinema.

Nahodha_wa_Zamani: Mwacheka tu. Simba wa Tsavo ni wetu, lakini filamu yao, The Ghost and the Darkness ya 1996, ilipigiwa Afrika Kusini. Eye in the Sky ya 2015 yasimulia Nairobi, nayo ikapigiwa kule kule. Siku hizi huko mgeni akitumia pesa hurudishiwa sehemu yake. Tukikataa nafuu ya kodi, kijana wangu, hata hiyo kamba hutaishika.

Mwenye uzi: Mzee wangu, kamba nimeishika, nikaitwa MANDHARI. Hapo kwanza!

Mlala_Baraza: Nahodha, Michigan kule Marekani walianza 2008, wakirudisha mpaka asilimia 42. 2015 wakafunga duka. Georgia, jimbo jingine la huko huko, yafika 30. Sisi tutashindana na hazina ya nani? Zahanati zenyewe hazina dawa.

Malindi_Yetu: Afadhali nyie mwaitwa mandhari. Huku Malindi wakija na kamera ufukweni, wavuvi twafukuzwa, ati twaharibu mandhari.

Pweza_Mkavu: Mwenye uzi, nenda Malindi ukaharibu.

BintiMkomani: Tuacheni na filamu. Punda huyo ni yule wa kijivu mwenye sikio lililokatika?

Mwenye uzi: Ndiye. Kwani?

BintiMkomani: Kwani?! Juzi kaingiza kichwa mlangoni kwangu, kala unga wa mahamri, ndoo nzima, kisha kanitazama bila haya. Mwenyewe kila nikimtafuta ati yuko Mokowe, ng'ambo ya bara.

Mlala_Baraza: Huyo huyo! Kapita na shogi za mchanga, kanikwangulia ukuta wa chokaa toka pembeni mpaka barazani.

Mwenye uzi: Jamani tusitoke kwenye mada. Mtu kaniambia mbele ya punda...

BintiMkomani: Mada ni unga wangu. Kama punda kalipwa, pesa ziko wapi? Kaka, wewe ndiwe uliyeshika kamba, nipeleke kwa mwenyewe kesho asubuhi.

MwanaShela: Akiwa Mokowe mtavuka kwa nauli gani? Maboti wamepandisha tena, na jua likizama ndio wajitajia tu.

Malindi_Yetu: Afadhali nyie mwatajiwa. Tuktuk za huku hukwambia bei ukishashuka.

Nahodha_wa_Zamani: Nauli ya Mokowe sasa ni ngapi?